Ukweli Hauombwi, Huibwa: Mwongozo wa Aliyechora Kanga Yake Mwenyewe

Umechora kanga. Hukutumwa na kiwanda wala na mteja; ni kazi yako mwenyewe, pengine sare ya harusi ya mdogo wako, pengine hamu tu iliyokushika. Pindo la kuzunguka lipo, mji wa katikati upo, jina, yaani msemo wake, umeliandika. Umeikodolea macho kwenye kompyuta mpaka hujui tena kama nyekundu yako imekolea au imepauka. Sasa unatafuta mtu akuambie kama rangi zinapatana na kama mpangilio umekaa sawa.

Hapo ndipo wengi wanapoharibu: wanauliza. "Unaionaje?" Swali hilo lina jibu moja tu, nalo ni "Nzuri!" Watu wanakupenda, wana adabu, na wana safari zao. Na wewe, tuambizane, hukuuliza ili uonyeshwe kasoro. Ulitaka kusifiwa. Sikulaumu, kila anayechora ana njaa hiyo. Lakini mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na kanga ikishatoka mtamboni haifutiki.

Basi sogea karibu nikunong'oneze. Ukweli kuhusu kazi yako upo, tena wanao watu wa karibu nawe, ila hawautoi ukiombwa. Lazima uuibe. Hatua hizi ni za mkato, zina ujanja ndani yake, na hakuna atakayeumia isipokuwa mchoro mbovu.

Hatua ya 1: Kula sifa kwanza, ushibe

Usiende kutafuta ukweli ukiwa na njaa ya sifa. Utarudi na sifa, utaziita ukweli. Anza na karamu: tuma picha kwenye kundi la familia. Makopakopa yatamiminika. Mama mdogo ataandika, "Hongera mwanangu, Mungu akuzidishie." Binamu ambaye hata picha hajaifungua ataandika, "Moto!" Soma zote, tabasamu, zirudie tena ukiwa kitandani.

Asubuhi zifunge. Usifanye uamuzi hata mmoja kwa kutegemea jumbe hizo. Zimeshamaliza kazi yake: moyo umeshiba, na moyo ulioshiba unaweza kuvumilia kusikia kwamba kijani chako kinakera.

Hatua ya 2: Jilaghai mwenyewe

Shahidi wa kwanza ni jicho lako, na jicho hilo limeshahongwa. Limekaa na makosa ya mchoro huu siku nyingi mno hata limeyazoea. Dawa ni kulidanganya liamini kwamba kazi ni ya mtu mwingine.

Leonardo da Vinci aliwashauri wachoraji watazame kazi zao kwenye kioo, kwa sababu mchoro uliogeuzwa huonekana kama umetoka mkononi mwa mwingine, na makosa ya mwingine hatuna shida kuyaona. Wewe huhitaji kioo. Programu yako ina amri ya kugeuza kulia kuwa kushoto. Ibonyeze. Ua ulilodhani limekaa katikati ya mji utalikuta limeegemea upande. Kisha pindua mchoro juu chini, na upande uliozidi uzito utajitaja wenyewe. Kisha upunguze uwe mdogo kama stempu. Kinachobaki kuonekana ndicho mpangilio wako. Kilichopotea kilikuwa pambo, hata kama kilikula usiku mzima.

Kama una uvivu wa yote hayo, fumba macho nusu na utazame. Ni njia rahisi kuliko zote, na wachoraji wakubwa hawajaiacha.

Hatua ya 3: Ua rangi

Watu wakisema rangi hazipatani, mara nyingi wamekosea jina la ugonjwa. Tatizo ni mwanga na kiza. Nyekundu na kijani zenye mwanga sawa hugombana kwenye kitambaa, na jina lililoandikwa kwa moja juu ya nyingine hutetemeka machoni, lisisomeke. Kwa jambo hili huna haja ya kumsumbua mtu. Badili picha iwe nyeusi na nyeupe. Simu yako inaweza. Kama pindo na mji vimegeuka kijivu kimoja, umekamatwa.

Sasa chukua picha ya kisutu, ile kanga ya nyekundu, nyeusi na nyeupe inayopamba harusi za pwani, uifanyie hivyohivyo. Nyeupe inabaki inawaka, nyeusi imezama, nyekundu imeshika nafasi yake katikati. Kila umbo liko palepale. Kanga hiyo imepita vizazi kwa rangi tatu tu, na wewe una kumi na moja. Anza kupunguza. Utaokoa na fedha, maana katika uchapaji wa vitambaa kila rangi hudai bamba au rola yake.

Kwa ajili ya jina, yupo hakimu asiyemjua mama yako: hesabu. Kanuni za kimataifa za maandishi ya kwenye skrini hutaka tofauti ya mwanga kati ya herufi za kawaida na mandhari yake ifike angalau 4.5 kwa 1. Nyeusi juu ya nyeupe ni 21 kwa 1. Njano kali juu ya nyeupe haizidi 1.1 kwa 1, yaani umeandika kwa maji. Kanga si skrini, lakini hesabu haioni haya, na hilo ndilo unalolitafuta. Zipo programu za bure zinazopima tofauti hiyo papo hapo.

Tena wapo wasioona vizuri tofauti ya nyekundu na kijani tangu kuzaliwa. Kwa watu wenye asili ya Ulaya ya kaskazini, ni takriban mwanaume mmoja katika kila 12. Kwetu Afrika ni wachache zaidi, lakini wapo, na wengine hawajijui. Mchoro uliosimama bila rangi unawahudumia na hao bila kuwauliza lolote.

Hatua ya 4: Mkane mtoto wako

Sasa toka nje ukutane na watu. Kanuni ya kwanza: kazi si yako. Nyani haoni kundule, ila la mwenziwe analiona vizuri sana, na wewe utajinufaisha kwa udhaifu huo wa binadamu. Mwendee shangazi ambaye ana sanduku lililojaa doti, yaani jozi za kanga, na asiyemwogopa mtu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Kuna mtu kanipa mchoro wa kanga nimsaidie. Mimi hata sielewi nimwambie nini."

Basi. Nyamaza. Usiongeze neno. Shangazi atavaa miwani yake, atausogeza mchoro mbali, na ndani ya dakika moja utapata yale ambayo usingeyapata kwa mwaka mzima wa kuuliza unaionaje. "Huyu jina kalibananisha na pindo, litasomekaje? Na haya maua mbona yamejazana kama ya kukimbizana? Mji hauna pa kupumulia." Jibu kwa kutikisa kichwa. Usiseme "lakini". Neno hilo likikutoka tu, atajua mwenye kazi ni nani, na ghafla mchoro utakuwa mzuri.

Kama dhamiri inakusuta, mwambie ukweli kanga ikishatoka, na umpe doti ya kwanza. Atakuwa amesahau nusu ya aliyoyasema, na nusu nyingine atajivunia.

Hatua ya 5: Peleka miwili, na utege mtego

Ukipeleka mchoro mmoja, unamwomba mtu akuhukumu. Hilo linamwogopesha. Ukipeleka miwili, unampa kiti cha hakimu. Kiti hicho hakuna asiyekitaka. Tengeneza nakala mbili zinazotofautiana kwa jambo moja tu: mpangilio uleule, rangi za mji zikiwa tofauti, au rangi zilezile, pindo moja likiwa nene na jingine jembamba. Ukibadilisha mambo manne kwa mpigo, hutajua lipi limeshinda.

Usiulize ipi nzuri. Uliza, "Zikiwa dukani kwa bei moja, ipi itabaki rafuni?" Kuitaja itakayobaki ni rahisi kuliko kuikosoa iliyopo, na sababu itafuata yenyewe: hii inachosha macho, hii inaonekana chafu, hii ni ya wazee. Andika maneno yao yalivyo. Usiyatafsiri kuwa ya kitaalamu mbele yao, maana wataona aibu na kuanza kuongea kitaalamu nao.

Kisha weka mtego. Acha kosa moja la makusudi ambalo mwenye macho hawezi kulipita: kona moja ya pindo ambayo mchoro wake haukutani, au ua moja linalotazama upande usio wake. Anayeliona, msikilize hata akikohoa. Anayesema kila kitu kiko sawa kabisa, mshukuru, mpe chai, na usimhesabu. Usisahau tu kuliondoa kosa hilo kabla ya kupeleka kazi kiwandani.

Hatua ya 6: Jifiche nyuma ya picha

Ujanja huu una umri mkubwa. Pliny Mzee, mwandishi wa Kirumi wa karne ya 1, anasimulia habari za Apelles, mchoraji Mgiriki aliyemchora Aleksanda Mkuu. Apelles alikuwa anaweka picha zake mahali pa wapita njia, halafu anajificha nyuma yake asikilize. Siku moja fundi viatu akasema viatu vya kwenye picha vina kasoro. Apelles akavirekebisha. Kesho yake fundi yule akapita, akaona amesikilizwa, kichwa kikamvimba, akaanza kukosoa mguu. Apelles akatokeza, akamwambia fundi viatu asivuke viatu.

Fanya kama Apelles. Chapisha mchoro kwenye karatasi kubwa ya stesheneri, ubandike mahali watu wanaposubiri: kwa fundi cherehani, saluni, kwenye kibanda cha chakula cha jirani yako. Kaa pembeni na simu yako kama mtu mwenye mambo yake. Sikiliza kinachosemwa, na zaidi ya hapo sikiliza kisichosemwa. Kanga isiyozungumziwa na mtu hata mmoja kwa saa nzima ina tatizo kubwa kuliko iliyotukanwa.

Na chukua somo la pili la Apelles, ambalo ni zito kuliko la kwanza. Mvaaji akikuambia panapomuuma, mwamini. Akikuambia dawa, mshukuru na uendelee na safari. "Hapa pananichosha" ni ushahidi. "Weka zambarau" ni ndoto zake. Yeye ni bingwa wa kuvaa. Dawa ya mchoro ni kazi yako wewe uliyeuchora. Wasanifu wengi wazuri wameharibu kazi nzuri kwa kutii dawa za watu kumi waliokuwa wanalalamikia kidonda kimoja.

Hatua ya 7: Puuza mdomo, tazama mikono

Mdomo una adabu. Macho na mikono havina. Mwonyeshe mtu mchoro kwa muda wa kuhesabu moja, mbili, tatu, kisha ufunike. Mwulize ameona nini. Kama jina la kanga yako ni "Subira yavuta heri" na yeye anakumbuka kasuku wa kwenye kona, basi umechora kanga ya kasuku. Mpe alisome jina kwa sauti kutoka upande wa pili wa chumba. Akisoma "Subira yavuta" halafu akasogeza shingo mbele, neno la tatu limemezwa na maua. Huhitaji maoni yake, shingo imeshasema.

Kisha lipo jaribio linalowatia aibu hata mabingwa wa kompyuta. Wewe umeichora kanga ikiwa imenyooshwa kama ramani ukutani. Hakuna anayeivaa hivyo. Itafungwa kiunoni au kifuani, itakunjwa, mwenzake wa doti atatupwa begani au kichwani. Chapisha vipande, viunganishe kwa gundi ya karatasi mpaka ifike ukubwa halisi, kama mita moja na nusu kwa mita moja na kidogo, kisha mwombe dada ajifunge. Tazama. Kile kiini cha katikati ya mji ulichokipamba kwa siku tatu kinaweza kujikuta kimekunjwa chini ya kwapa. Jina lililokaa juu mno linamezwa na mkunjo. Pindo ulilolidharau ndilo linalozunguka miguu na kuonekana na kila anayemfuata nyuma.

Angalia pia anavyoigeuza kabla ya kujifunga. Upande anaouficha bila kufikiri ndio upande wako mbovu. Hakukusudia kukukosoa, ndiyo maana umwamini.

Hatua ya 8: Ipeleke mlangoni

Mnunuzi mwenye uzoefu hanunui kitambaa chini ya taa ya duka. Anakitoa mpaka mlangoni kwenye jua, anakitazama, ndipo anauliza bei. Mwige. Kioo cha simu kinatoa mwanga wake wenyewe kwa kuchanganya nyekundu, kijani na bluu. Kitambaa kinaazima mwanga wa mahali kilipo. Ndiyo maana bluu inayowaka kwenye skrini hutoka kwenye wino ikiwa imenyong'onyea, na kijani cha limau hugeuka kijani cha kawaida. Anayekupa maoni ya rangi kupitia simu anakupa maoni ya simu yake. Chapisha kipande hata kidogo, na ukionyeshe nje asubuhi, kivulini mchana, na ndani usiku taa ikiwaka. Rangi ikipendwa mahali pamoja na kuchukiwa mahali pawili, umepata jibu.

Hapa kuna siri itakayokuokolea wiki nzima. Mtu akinyoosha kidole na kusema "hii njano ni mbaya," usiiguse njano. Gusa jirani yake. Mwaka 1824 mkemia Michel-Eugène Chevreul alikabidhiwa idara ya kutia nyuzi rangi katika kiwanda cha Gobelins mjini Paris, kilichofuma mapazia ya ukutani. Akakuta malalamiko: nyuzi nyeusi ni hafifu, hazikolei, hasa kwenye vivuli vya nguo za bluu na zambarau. Akalinganisha nyuzi hizo na nyeusi za viwanda vingine. Hazikuwa na kasoro. Nyeusi ilikuwa nyeusi. Rangi zilizoizunguka ndizo zilizoifanya ionekane imefifia. Mwaka 1839 akatoa kitabu kizima kuhusu jinsi rangi zinavyobadilishana sura zikilala bega kwa bega.

Kwa hiyo ukisikia lalamiko la rangi, nakili mchoro mara tatu, iache rangi iliyolaumiwa ilivyo, ubadilishe iliyo kando yake. Rudi kwa yuleyule aliyelalamika. Mara nyingi atakuambia, kwa furaha, kwamba sasa umeirekebisha njano. Mkubalie. Ni yake, mwache aifurahie.

Hatua ya 9: Fungua sanduku la bibi

Maoni yakigawanyika nusu kwa nusu, usipige kura. Omba kanga kongwe kwenye sanduku la bibi, zile zilizovaliwa mpaka zikalainika na hakuna aliye tayari kuzigawa. Kaa kwenye darasa hilo bila ada. Pima upana wa pindo lake kwa rula. Hesabu rangi. Angalia jina limeachiwa nafasi kiasi gani juu na chini. Angalia mji ulivyo mtupu kuliko wako.

Kisha iba mifupa. Maua yawe yako, rangi ziwe zako, jina liwe lako, ila vipimo chukua vilivyokwisha kufaulu. Mpangilio huu wa pindo, mji na jina umevaliwa na kukosolewa na wanawake wa pwani kizazi baada ya kizazi, kila mmoja kwa fedha yake mwenyewe. Huwezi kupata jopo la wakosoaji kubwa kuliko hilo, na halikuombi hata nauli.

Hatua ya 10: Shindwa kwa heshima

Sasa una daftari lililojaa maneno makali. Usijitetee, hata kimoyomoyo. Lipange hivi: lililosemwa na mtu mmoja ni ladha yake, liache. Lililosemwa na watatu wasiojuana, wakinyoosha kidole mahali pamoja, ni kosa, hata kama kila mmoja ametaja dawa yake. Hilo lirekebishe leo kabla hujaanza kulitafutia sababu.

Mara nyingi kosa hilo litakuwa kile unachokipenda kuliko vyote. Ule mkorosho ulioutia kila jani. Ile rangi ya machungwa uliyoihangaikia. Hifadhi nakala ya zamani ili moyo utulie, kisha kifute kwenye nakala mpya na utazame mchoro bila hicho. Utaona nafasi imefunguka, jina limesogea mbele, nyekundu imepata pa kukaa. Kazi nyingi za rangi na mpangilio hutengenezwa kwa kuondoa, na anayejua hilo mapema hulala mapema.

Rudi kwa shangazi na mchoro mpya. Usimwulize anauonaje. Mwambie tu yule mtu amerekebisha. Akiutazama, akaurudisha bila neno, bado una kazi. Akiuliza kanga itauzwa lini na je, anaweza kuwekewa doti mbili, peleka kiwandani, na umwekee tatu.